Kocha wa maisha na mnasihi: nilivyobisha mlango usio wangu

Mwaka aliofariki mama nilikuwa na duka la pembejeo Newala, na msimu wa kupulizia mikorosho ulipowadia, wakati ambao muuza salfa hapati hata nafasi ya kuketi, mimi nilifungua duka saa nne na kulifunga adhuhuri. Kwa kuwa nilidhani ni uvivu, nilimtafuta kocha wa maisha, tukawa tunazungumza kwa simu kila wiki, naye akanipangia kuamka saa kumi na moja alfajiri, kuandika malengo matatu ya siku na kupiga hesabu ya mauzo kila jioni.

Mpango ule haukuwa mbaya, ila ulimhitaji mtu mwenye nguvu za kuutekeleza. Mimi usingizi ulikuwa umenikimbia, chakula hakishuki, na kila lengo lililonishinda niliona linanithibitishia kwamba sifai kitu. Kwa miezi miwili nililipa fedha nikazidi kujilaumu.

Aliyenitoa huko ni mjomba, ambaye kwetu Wamakonde ndiye mwenye neno katika ukoo. Alinipandisha gari alfajiri, tukashuka hadi Mtwara, katika hospitali ya rufaa ya mkoa pale Ligula, tukaulizia huduma ya afya ya akili.

Kocha alikuwa ameniuliza ninataka kufika wapi. Mnasihi aliniuliza ninalalaje, ninakula nini, huzuni hii ina muda gani, na kama nimewahi kutamani kufa. Maswali hayo yana sababu, kwani Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa sonona ni huzuni, au kukosa hamu ya mambo, inayomkaa mtu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Mimi nilikuwa nimezipita wiki hizo kwa miezi. Mnasihi hushughulikia maumivu yenyewe kwa mazungumzo, na dawa zikihitajika humwelekeza mgonjwa kwa daktari. Kocha hatambui ugonjwa wala hautibu. Kazi yake ni kumsaidia mtu aliye timamu kupanga safari yake na kumfuatilia asiiache njiani.

Jambo linalonitia hofu ni kwamba yeyote anaweza kujiita kocha. International Coaching Federation, shirikisho lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, huwataka wanachama wake wamwelekeze mteja kwa mtaalamu mwingine pale anapohitaji msaada wa aina nyingine, lakini wengi wanaojitangaza mitandaoni hawamo humo. Kwa hiyo muulize kocha, kabla hujalipa, hufanya nini mteja anapoonyesha dalili za ugonjwa.

Ukiwa unalala na kula vizuri, lakini fedha ya korosho inaisha kabla hujajua imekwenda wapi, kocha atakufaa. Ukiwa unajua la kufanya na mwili unakataa, wiki baada ya wiki, nenda hospitali kwanza. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, nenda leo hii, ukiwa na mtu unayemwamini.

Msimu uliofuata nilianza upya na kocha mwingine. Katika kikao cha kwanza nilimweleza kwamba bado ninahudhuria unasihi, naye akakubali kwamba usingizi ukinipotea tena tutasimamisha vikao, nirudi Ligula.