Ladha Inayobaki Moyoni

Shikamoo mama. Nasali kila asubuhi, lakini nikifika kazini moyo mzito. Nakosea wapi? (Dada wa Mbagala)

Marahaba mwanangu. Nadhani unaingia kwenye sala huku umeuficha huo uzito, kama vile Mungu hauoni. Jioni, ukipata siti kwenye daladala, ipitie siku yako taratibu. Wapi moyo ulichangamka? Wapi uliingia baridi? Usijihukumu, mwambie tu, "Hapa niliumia."

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alijifunza haya akiwa mgonjwa. Mwaka 1521 alivunjwa mguu na mzinga vitani Pamplona, Hispania, akalala kitandani miezi. Akiwaza ushujaa na sifa alifurahi, kisha akabaki mkavu. Akiwaza maisha ya watakatifu, furaha ilikaa hata mawazo yakishapita. Akaanza kupima hisia kwa ladha zinayoiacha.

Juzi nilivuka na pantoni kwenda Kigamboni nikiwa na donge la mtu aliyenidhulumu. Mbele yangu mtoto alikuwa akimlisha bibi yake muhogo, kila kipande anakipuliza kwanza. Machozi yakanitoka. Donge halikuisha, lakini nililala na amani, na sala yangu usiku ule ilikuwa juu ya ule muhogo.

Hasira ni dhambi? (Kaka wa Tabata)

Yenyewe, hapana. Paulo aliwaambia Waefeso wakikasirika wasitende dhambi, wala jua lisichwe wakiwa bado na uchungu. Iulize hasira yako: imeguswa haki, au kimejeruhiwa kiburi?

Mimi Muislamu. Haya yananihusu? (Msomaji wa Temeke)

Sana. Kwenu ni muhasaba, kuihesabu nafsi. Na Surat Ar-Raad, aya ya 28, inasema nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Baada ya Isha, usiharakishe kukunja mswala.

Nimefiwa na mume, mwezi wa tatu sasa. Wananiambia nishukuru, nisilie. (Mama wa Kinondoni)

Pole sana mama. Lia. Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro, na alikuwa anakwenda kumfufua. Wanaokukataza wanakutakia mema, ila hapo wamekosea. Furaha usiilazimishe. Jioni litaje jina la mumeo mbele za Mungu, useme na vile alivyokuwa akikuchekesha. Tabasamu likija katikati ya machozi, liache lije. Ukiona usingizi na chakula vimekataa kabisa, nenda na hospitali pia, usiende peke yako.