Wanajuaje dinosaria walikula nini? Jibu la mtu aliyekagua mizoga miaka 14

Mkuu mleta mada, umeuliza wataalamu wanajuaje Tyrannosaurus, yule dinosaria mkubwa mwenye meno makali, alikula nini ilhali hakuna binadamu aliyemwona. Wachangiaji wengi hapo juu wamekujibu kwamba ni kukisia tu: wanaona meno makali, mengine wanajazia. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu kazi hiyo hiyo nimeifanya kwa mizoga ya jana usiku.

Nilikuwa afisa mifugo wa kata inayopakana na pori la akiba. Mfugaji akiamka akakuta ng'ombe kaliwa, tunaitwa mimi na askari wa wanyamapori, maana kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa aliyepata hasara, hakilipwi mpaka ijulikane mnyama gani kaua. Katika miaka 14 sikuwahi kumwona hata mmoja akiua. Tunafika saa tatu asubuhi, tunakuta mbavu, ngozi na nzi. Kazi inaanzia hapo.

Kwanza tunatazama mifupa. Fisi anavunja paja la ng'ombe akala na mfupa. Simba mara nyingi mifupa mikubwa anaiacha. Na meno yakikwaruza mfupa yanaacha mistari ambayo nafasi zake unaweza kuzipima. Kwa dinosaria ni hivyo hivyo. Kule Madagaska kuna mifupa ya Majungasaurus, dinosaria mla nyama, yenye mikwaruzo ya meno. Watafiti walilinganisha nafasi za jino na jino, hata vijino vidogo vya msumeno kwenye makali, vikalingana na Majungasaurus mwenyewe. Alikuwa anakula wa aina yake. Hilo lilitangazwa mwaka 2003.

Kisha kinyesi. Aliyekulia porini anajua kimba cha fisi kikikauka kinakuwa cheupe kama chokaa, kwa sababu ya mifupa aliyokula. Canada, jimbo la Saskatchewan, walipata kinyesi kilichogeuka jiwe chenye urefu wa sentimita 44. Kwa ukubwa wake na umri wa miamba, mwenyewe anadhaniwa kuwa Tyrannosaurus. Ndani mlikuwa na vipande vya mifupa ya dinosaria mla majani ambaye hakuwa amekomaa, na vipande hivyo vilikuwa kati ya asilimia 30 na 50 ya kinyesi chote. Maana yake huyu hakuwa akichuna nyama na kuacha mfupa. Alikuwa anasaga na kumeza.

Ushahidi mtamu kuliko wote ni tumbo. Uingereza, mwaka 1983, ilipatikana mifupa ya dinosaria aitwaye Baryonyx, na sehemu ya tumbo ilikuwa na magamba ya samaki yaliyoliwa na asidi, pamoja na mifupa ya Iguanodon mchanga, dinosaria mla majani. Kwa hiyo samaki na nyama vyote vilimo. Ila ninayempenda zaidi ni Gorgosaurus mdogo, ndugu wa Tyrannosaurus, wa Alberta, Canada, aliyetangazwa Desemba 2023. Alikuwa na umri wa miaka mitano hadi saba na uzito wa kilo 335 hivi. Tumboni mwake kulikuwa na miguu ya nyuma ya Citipes wawili, dinosaria wadogo wanaofanana na ndege, ambao hawakufikisha hata mwaka mmoja wa uhai. Miguu ya mmoja ilikuwa imelika kwa asidi kuliko ya mwenzake. Ukishawahi kupasua tumbo la mnyama unaelewa mara moja: ni milo miwili ya nyakati tofauti. Tena alikuwa akichagua mapaja.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliona nyayo za simba, ng'ombe kaliwa nyuma, nikaandika simba. Mzee mmoja wa idara, aliyenitangulia kwa miaka mingi, akaniuliza, "Kijana, shingo umeichuna?" Sikuwa nimeichuna. Tukarudi naye, akachuna ngozi shingoni na kooni: safi, hakuna damu iliyovilia. Jino likimwingia mnyama aliye hai, damu inavilia chini ya ngozi. Likimwingia mfu, linaacha tundu tu. Akafungua tumbo, akakuta nyongo imejaa na kuvimba. Ng'ombe yule alikuwa kafa kwa ndigana baridi, simba kapita baadaye. Alama za meno zilikuwa za kweli kabisa, lakini zilinionyesha aliyekula, si aliyeua.

Katika mifupa ya dinosaria iliyogeuka mawe hakuna ngozi ya kuchuna. Kuna kitu kinachofanya kazi hiyo, nacho ni mfupa uliopona. South Dakota, Marekani, ilipatikana pingili mbili za mkia wa dinosaria mla majani mwenye mdomo kama wa bata, na katikati yake limekwama jino la Tyrannosaurus. Mfupa ulikuwa umeota kulizunguka jino na pingili zimeungana. Maiti haioti mfupa. Yule aling'atwa akiwa hai, akaponyoka, akaishi na jino mwilini. Utafiti huo ulitoka mwaka 2013, na kwangu unawajibu wanaodai Tyrannosaurus alikuwa mla mizoga tu.

Nao wataalamu hukosea, kisha wakarekebishana. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Coelophysis, dinosaria mdogo mla nyama wa New Mexico, Marekani, alikula watoto wa aina yake, kwa sababu mifupa midogo ilionekana tumboni. Mwaka 2006 ilichunguzwa upya. Katika mmoja, mifupa ilikuwa ya mnyama mwingine, ndugu wa mamba. Kwa mwingine, mifupa haikuwa tumboni hata kidogo. Mizoga ilikuwa imelaliana tu. Ndiyo shingo ambayo haikuchunwa, ikaja ikachunwa.

Umeuliza pia kama Tyrannosaurus aliwinda au aliokota mizoga. Mkuu, vyote viwili. Fisi niliowajua mimi walikuwa wakiua ndama zizini, na wiki hiyo hiyo wanafukua ng'ombe tuliyemzika kwa ugonjwa.