Kwa Mwalimu Mpya wa Historia na Uraia

Nafundisha Historia na Uraia katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Ruvuma, na kila tunapopokea walimu wapya au wanachuo waliokuja kwa mazoezi ya kufundisha, swali wanaloniuliza wakishaizoea ofisi ya walimu huwa ni lile lile: utalifundishaje somo ambalo wanafunzi wanaliona la kukariri na wazazi wanaliona la waliokosa nafasi kwenye sayansi? Huwa nawajibu kwamba somo hili hupata uhai mwanafunzi anapopewa ushahidi autafakari na kuuhoji, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuilinda nafasi hiyo ya kuhoji, kwa sababu yanayoibana ni mengi.

Yanayobana utakutana nayo wiki ya kwanza. Ukiandika swali la insha ubaoni, mkono wa kwanza kunyooshwa utauliza, "Mwalimu, pointi ngapi?" Mwanafunzi huyo hana kosa. Ameambiwa tangu kidato cha kwanza kwamba insha ya mtihani wa taifa ni utangulizi, hoja sita na hitimisho, na pampleti aliyoinunua mjini ina hoja hizo zimeshapangwa, kuanzia sababu za Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 hadi athari za biashara ya utumwa. Akizikariri atafaulu, na wewe utapongezwa kwenye kikao cha tathmini ya matokeo, ingawa miezi michache baadaye hatakumbuka hata moja.

Kuna pia suala la lugha, ambalo kwangu ni zito kuliko msongamano wa darasa au uhaba wa vitabu. Mtoto aliyesoma Maarifa ya Jamii kwa Kiswahili katika shule ya msingi, akajadili na kubisha, anafika sekondari na kutakiwa kueleza ukoloni kwa Kiingereza ambacho bado anajifunza. Anayeongoza mijadala uwanjani ananyamaza darasani. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, nami naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimeona jinsi wanafunzi wale wale wanavyobadilika wanapopewa lugha wanayoweza kubishana nayo. Katika masomo yanayotahiniwa kwa Kiingereza, ushauri wangu ni kuruhusu mjadala kwanza kwa Kiswahili, kisha darasa zima lisaidiane kuandika kwa Kiingereza yale yaliyokwisha kueleweka. Wapo wakaguzi watakaokunja uso. Andika sababu zako kwenye andalio la somo, na uwe tayari kuzieleza kwa heshima.

Sasa niseme kinachonibakiza kazini, na mfano mzuri nilio nao ni Vita vya Majimaji, vita vya wananchi wa kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani. Pampleti zinataja kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, ukatili wa maakida, yaani watawala wadogo waliowekwa na Wajerumani, na kadhalika, na hayo yote ni kweli: vita vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, ambako watu waling'oa pamba katika shamba la Nandete. Mimi huwauliza wanafunzi wangu swali ambalo pampleti haina jibu lake. Wangoni wa huku kwetu hawakuwa katika mpango ule wa mashamba ya pamba. Kwa nini basi waliingia vitani?

Darasa huanza kwa ukimya, kisha hupamba moto. Mwaka mmoja kijana mmoja alisema kwamba watawala wa Kingoni walitaka kurudisha mamlaka waliyonyang'anywa pale Wajerumani walipojenga boma lao Songea mwaka 1897. Binti mmoja wa Kindendeule akasimama na kusema kwamba bibi yake anasimulia jambo jingine: kwamba babu zao walikuwa chini ya Wangoni, na vita vilipokuja hawakuulizwa kama wanataka kupigana au hawataki. Waliokaa nyuma walianza kuguna. Hapo mwalimu anajaribiwa kweli kweli, maana darasani mna watoto wa Kingoni, Kindendeule, Kimatengo na Kibena, na neno moja baya linaweza kuugeuza mjadala kuwa ugomvi wa makabila. Niliandika ubaoni maswali matatu: bibi alisikia kwa nani, msimulizi huyo alikuwa upande gani, na ni nani mwingine angeweza kuliona jambo hilo kwa namna tofauti. Kisha tukaiuliza ripoti ya afisa mmoja wa Kijerumani kuhusu vita hivyo maswali yale yale. Kengele ililia, na hakuna aliyefungasha daftari.

Ukiwa karibu na Songea, wapeleke wanafunzi Makumbusho ya Majimaji, mahali walipozikwa mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Kama huna nauli ya kuwapeleka, mwalike mzee wa kijiji aje kusimulia, lakini waandae wanafunzi wiki moja kabla ili waje na maswali yao wenyewe. Mzee asiyeulizwa swali huishia kutoa hotuba.

Katika Uraia, ushahidi uko karibu zaidi. Huwatuma wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye ubao wa matangazo wa kijiji wakatafute taarifa ya mapato na matumizi, na kuuliza kama mkutano mkuu wa kijiji umefanyika katika miezi mitatu iliyopita kama sheria inavyotaka. Nenda kwanza wewe mwenyewe kwa mwenyekiti na mtendaji ukaeleze kwamba hii ni kazi ya shule, kwa sababu mtoto akitumwa bila taarifa hiyo anaweza kudhaniwa ametumwa na mtu mwenye nia nyingine. Darasani usiseme chama chako, na mjadala ukipanda joto, warudishe wote kwenye Katiba ya 1977 katika nakala ya Kiswahili, mkasome kwa pamoja Ibara ya 8 inayosema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Wapo wanafunzi wangu walioisoma ibara hiyo, kisha wakarudi kijijini kuuliza taarifa ya mapato itabandikwa lini.

Kuhusu usahihishaji, ambao ndio unaowavunja moyo walimu wengi wa masomo haya, usitoe insha ndefu kila wiki kwa darasa kubwa. Utachoka na utaishia kuweka alama ya tiki tu. Toa aya moja: dai moja, ushahidi mmoja, na maelezo ya kwa nini ushahidi huo unatosha au hautoshi. Wabadilishane madaftari na kusomeana, nawe usahihishe ya safu moja kila wiki kwa maoni ya maneno. Insha kamili iache hadi mwisho wa mwezi. Muda ukifika wa kujiandaa kwa mtihani wa taifa, wafundishe pia mpangilio wa hoja sita bila kinyongo, kwa kuwa wanauhitaji. Wakati huo watakuwa na hoja zao wenyewe za kuweka humo.