Versailles kwenye simu: mbona picha zina ukungu?

SWALI: Nafundisha historia hapa Nkuhungu, Dodoma. Nikitembelea kasri la Versailles, Ufaransa, kwenye Google Maps, picha huja na ukungu na bando linaisha upesi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, picha hupakuliwa vipande vipande, ukigeuka haraka unaita vipande vipya kabla vya kwanza havijakamilika. Geuka kidogo, subiri itakate, ndipo usogee. Kwenye ramani, ukiwasha Street View (picha za kuzunguka pande zote), mistari ya buluu ni njia za kupita. Duara la buluu ni picha moja tu. Bustani zitazame kwanza kwa setilaiti: Mfereji Mkuu una umbo la msalaba. Ndani, tulia kwenye Ukumbi wa Vioo: vioo 357 ndani ya matao 17, yakitazamana na madirisha 17 ya bustanini. Kwa darasa, hifadhi picha za skrini mapema.