Jibu kwa mleta mada: semina ya siku moja haitaondoa ubaguzi getini

Ndugu mleta mada, nimeyasoma malalamiko yako kwa makini. Umesema wewe ni waziri katika serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja huko Arusha, kwamba wanafunzi wanaotoka jamii za wafugaji na wale wenye rasta husimamishwa getini karibu kila jioni huku wenzao wakipita bila kuulizwa, na kwamba uongozi umeahidi kuwapeleka walinzi kwenye semina ya siku moja. Umeuliza kama hilo linatosha. Halitoshi, na nalisema hivyo kwa sababu nilisimamia walinzi wa chuo kimoja hapa Moshi kwa miaka tisa, na kosa hilo hilo lilitendeka chini yangu, tena kwa agizo lililotoka kinywani mwangu.

Muhula mmoja ziliibwa kompyuta mpakato mabwenini, moja baada ya nyingine. Uongozi ulinibana, nami nikawabana walinzi. Jioni, wakati wa kukabidhiana lindo, nikawaagiza wamsimamishe kila mtu wasiyemwelewa. Usiku wa pili yake nilipita getini kama saa tatu, nikamkuta kijana amekalishwa chini kwenye kokoto, begi lake limemwagwa mbele yake: madaftari mawili, chaja ya simu, sukari katika mfuko wa kaki uliopasuka, na kitambulisho cha chuo ambacho hakuna aliyekuwa amekiangalia. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenyeji wa Simanjiro, amejitanda shuka juu ya sweta kwa sababu ya baridi ya Juni. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa analinda wapi. Nikiwa bado nimesimama pale, gari likapiga honi mara moja nyuma yangu, na kizuizi kikapandishwa kabla halijasimama. Hakuna aliyefungua buti. Yule kijana aliinua macho, akalitazama gari likipita, kisha akaanza kuikusanya sukari yake kwa viganja. Nilimwomba radhi, akaitikia kwa adabu, na tangu siku hiyo akawa anaingilia geti la nyuma. Kompyuta zile hazikupatikana.

Nimelifikiria neno lile, "wasiyemwelewa", kwa miaka mingi. Nililitoa kama agizo la usalama, lakini halikutaja kitendo chochote cha kuangaliwa, kwa hiyo kila mlinzi alilijaza kwa picha aliyokuwa nayo kichwani: mwenye shuka, mwenye rasta, binti aliyefunika uso, anayekuja kwa miguu usiku. Mwenye gari hakuwamo katika picha hiyo hata siku moja, ingawa ni rahisi zaidi kuficha kompyuta kwenye buti kuliko kwenye begi la mgongoni.

Kesho yake nilizungumza na mlinzi aliyekuwa zamu, na hapa naomba unifuatilie vizuri, kwa kuwa ndipo semina nyingi zinapokosea. Mzee yule hakuwa na chuki na Wamaasai. Alikuwa anafanya zamu ya saa kumi na mbili, na alijua kwamba kitu kikipotea katika lindo lake kitakatwa kwenye mshahara. Alijua pia, kwa kuwa yalishampata, kwamba akilizuia gari la mtu mzito ataulizwa "unanijua mimi ni nani?" na asubuhi ataitwa ofisini kujieleza. Alitakiwa kuonyesha kwamba anakagua, na wakati huo huo asimuudhi mtu mwenye uwezo wa kumfukuzisha kazi. Mtu aliye kati ya mambo hayo mawili humkagua asiye na wa kumpigia simu. Unaweza kumhubiria mlinzi wa namna hiyo juu ya usawa kutwa nzima, naye akakubaliana nawe kwa moyo wake wote, lakini saa tatu usiku hali yake ni ile ile.

Kwa hiyo tulianza na hali yenyewe. Makato ya mshahara kwa ajili ya wizi niliyapigania yafutwe, na ilichukua karibu mwaka kufutwa. Wakati huo huo tuliweka kanuni ya getini ambayo haikumwachia mlinzi kuchagua: baada ya saa mbili usiku anakaguliwa kila anayeingia na kila anayetoka, na kama kuna msongamano anakaguliwa kila wa tano, awe kwa miguu, kwa bodaboda au kwa gari, mhadhiri au mwanafunzi. Mkuu wa chuo alikubali gari lake lifunguliwe buti mbele ya walinzi wote siku ya kwanza. Naamini hilo lilifanya kazi kuliko barua zote nilizoandika.

Kumsimamisha mtu nje ya kanuni hiyo kuliruhusiwa, lakini kwa sharti la kuandika. Tuliweka kaunta buku kwenye meza ya lindo, yenye safu za saa, jina la mlinzi, kitendo alichokiona, na alichokuta. Safu ya kitendo ndiyo iliyokuwa na maana. "Anatia shaka" haikukubaliwa. "Anajaribu dirisha la bweni" ilikubaliwa. Mwanzoni walinzi walilichukia daftari lile, wakidhani ni la kuwakamatia makosa. Baadaye baadhi yao waliona kwamba linawalinda wao pia, maana aliyelalamika kwa uongo alijibiwa kwa maandishi.

Mchangiaji mmoja hapo juu ameandika kwamba ubaguzi wa askari wa vyuo ni tatizo la Marekani, ambako vyuo vina polisi wao wenye bunduki. Ni kweli hali zetu zinatofautiana, lakini kuna jambo la kujifunza kule. Mei 2018, katika Chuo Kikuu cha Yale, mwanafunzi mweusi wa shahada ya uzamili alisinzia katika ukumbi wa pamoja wa bweni lake, na mwanafunzi mwenzake mweupe akawapigia simu polisi wa chuo. Walimhoji na kudai kitambulisho hata baada ya kuwafungulia mlango wa chumba chake kwa ufunguo wake mwenyewe. Pale ubaguzi ulianzia kwa aliyepiga simu, na askari wakaupokea kama taarifa. Kwetu nimezipokea simu za aina hiyo mara nyingi: "Kuna Mmasai anazunguka bweni la wasichana." Nikawafundisha walinzi kuuliza swali moja kabla ya kuondoka lindoni: anafanya nini? Mara nyingi jibu lilikuwa kwamba anamsubiri dada yake.

Sheria pia iko upande wako. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977, inapoeleza maana ya kubagua, inataja kabila, pahala mtu alipotoka, dini, jinsia na hata hali ya maisha, na hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiona kwa macho pale kizuizi kilipopandishwa. Mlinzi asiye polisi ana mamlaka ya raia tu: akimkamata mtu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa, si kumweka kibandani hadi asubuhi. Sheria hiyo hiyo inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Angalieni kama kila zamu yenu ya usiku ina mlinzi wa kike. Sisi kwa miaka minne hatukuwa naye, na mabinti walipekuliwa mikoba na wanaume.

Semina waikubali, haina ubaya. Lakini mkikutana na uongozi, ombeni kwanza mlione agizo la lindo kama lilivyoandikwa, neno kwa neno. Kama halijaandikwa popote, ombeni liandikwe mkiwa mmekaa nao mezani, na mlinzi mmoja wa zamu ya usiku awepo, naye apewe nafasi ya kusema kinachompata akizuia gari.