Gia ya tano na mafuta: nilivyodanganyika miaka miwili

Kuna tabia moja tunayo sisi tuliojifunzia pikipiki kijiweni. Ukishaondoka tu unagonga ya pili, ya tatu, ya nne, hujamaliza hata mitaa miwili ya Ngamiani, hapa Tanga, ushaweka ya tano na spidi ni thelathini, pikipiki inatetemeka du du du du na wewe umekaa zako unajiona dereva mstaarabu anayetunza mashine. Mimi nilikuwa hivyo miaka miwili mizima. Bosi aliyenipa pikipiki ya kwanza, ile ya hesabu, aliniambia "dogo, gia kubwa mafuta madogo", nikalishika hilo neno kama Alhamdu.

Na tatizo ni kwamba nusu yake ni kweli. Ukitoka Kange unaelekea Pongwe huna abiria, barabara imenyooka, mkono umefungua kidogo tu, gia kubwa na injini imetulia haina neno kabisa. Pikipiki inajiendea. Kasheshe inaanza pale unapohitaji nguvu, umepakia, kuna kilima au unataka kulipita lori, injini iko chini kabisa, yaani inazunguka polepole, halafu unavuta mafuta mpaka mwisho na yenyewe inakutazama tu. Mlio unakuwa mzito, mtetemo unapanda mpaka kwenye vikanyagio, spidi haiongezeki. Hapo hubani mafuta ndugu yangu, hapo unayamwaga, maana kabureta umeifungua yote wakati injini haina mvuto wa kutosha kuyavuta mafuta yakachanganyika vizuri na hewa, yanaingia hovyo na mengine hayaungui sawasawa.

Mimi nilifundishwa na njia ya Mombo kwenda Lushoto. Wanaoijua wanaijua, kona juu ya kona, unatoka bondeni kwenye joto unapanda karibu mita elfu moja mpaka unafika kwenye baridi. Nilikuwa nampeleka shangazi yangu msibani Soni, na kikapu chake, na mimi mwenyewe si mwepesi. Pikipiki ya cc 125. Nikaweka ya nne na nikaing'ang'ania, kila kona inakufa kidogo namalizia mafuta, inajikongoja, inakufa tena. Kuna mlio ukaanza, ting ting ting, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Nikajisemea hizo tapeti za valvu tu zimelegea, nitazikaza nikirudi. Shangazi kule nyuma akauliza, "Mwanangu, hii pikipiki yako ina pumu?" Nikacheka. Nikaendelea na ya nne vilevile.

Ule mlio haukuwa tapeti. Ukiibebesha injini mzigo ikiwa chini, joto na presha ndani ya silinda vinapanda sana, na mafuta mengine yanalipuka yenyewe kabla ya zamu yake, moto wa plagi haujayafikia. Ni kama unapigwa nyundo ya kichwa huku unapanda ngazi. Anayepokea hiyo nyundo ni piston, rodi inayoibeba na beringi yake ya chini kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na piston. Na kuna jambo ambalo sikulijua mpaka naambiwa, pampu ya oili inazungushwa na krenki hiyohiyo, kwa hiyo injini ikizunguka polepole na oili inasukumwa polepole, yaani kipigo kikubwa oili kidogo.

Miezi michache baadaye injini ikaanza kugonga hata ikiwa saileni, yaani inaunguruma tu bila kuongezwa mafuta. Nikaipeleka kwa fundi wangu Makorora, mzee mmoja haongei sana. Akafungua hedi, akatoa blok, akanambia "hebu njoo dogo". Akaishika rodi kwa vidole viwili, haizungushi wala nini, anaivuta juu anaisukuma chini. Tk. Tk. Ikawa inacheza. Haitakiwi icheze juu chini hata kidogo, ule mchezo wa kwenda pembeni ndio unaruhusiwa kidogo. Halafu akafungua tairi la nyuma akanionyesha zile raba za kwenye habu, pale katikati ya tairi, zimekatikakatika kama maandazi ya juzi, na cheni ina sehemu imekaza na sehemu imelegea. Akauliza swali moja tu: "Mjini unatembelea gia ya ngapi?" Sijui hata alijuaje, nikamwambia ya tano. Akafuta mikono akaendelea na kazi yake. Sisemi gia peke yake ndiyo iliyoiua, oili nayo nilikuwa nachelewesha, tuseme ukweli.

Sasa hivi naendeshaje? Pikipiki zetu nyingi hazina saa ya mizunguko, na hata ukiwa nayo utaiangalia saa ngapi wakati bajaji imekukatia mbele. Natumia mkono na sikio. Nikiongeza mafuta kidogo na pikipiki ikaitika palepale, gia iko sawa. Nikiongeza na ikakaa kimya au ikaanza kutetemeka, nashusha moja, basi. Naishusha KABLA ya kilima sio katikati, maana ukichelewa unakuta spidi ishakufa na unalazimika kushusha mbili kwa pupa. Kwenye hii yangu ya 125 ya tano siigusi chini ya hamsini, na nikiwa na abiria ndio kabisa. Ya kwako inaweza kuwa tofauti kidogo, sikiliza mwenyewe. Injini hizi ndogo nguvu yake ya kuvuta iko katikati, kama mizunguko 4,000 mpaka 6,500 kwa dakika, na saileni ni 1,400 hivi, kwa hiyo ukiisikia inalia lia kidogo usiogope, imetengenezwa ilie. Kuna na wale wa upande wa pili wanaotoka stendi mpaka Raskazone na gia ya pili inapiga kelele mtaa mzima, hao nao wana kesi yao, ila leo sio zamu yao.

Pikipiki mpya ndio uwe makini zaidi. Watu wanaambiwa "iendeshe taratibu mwezi wa kwanza" wanaelewa taratibu ni gia ya juu na kujivuta. Taratibu ni usiivute mpaka mwisho na usiibebeshe mizigo, lakini iache izunguke.

Na kushuka vilevile. Ukitoka Lushoto kurudi Mombo usishuke na ya tano, wala usiweke frii eti unabana mafuta, breki za drum zikipata moto zinalegea mkononi. Weka ya pili au ya tatu, injini yenyewe ikushikilie.

Kuhusu mafuta, nilijipima mwenyewe baada ya fundi kuifanyia injini ovaholi, njia zilezile, hela ileile kila asubuhi. Nilitegemea yataongezeka. Hayakuongezeka, na jioni mara nyingine nilikuwa nabaki na kidogo. Shangazi alipanda tena mwezi uliopita kwenda Muheza, tumefika akashuka akaiangalia pikipiki, akauliza kama nimenunua nyingine.