Jirani Mrundi, mjamzito, hana NIDA: mpeleke kliniki wiki hii

Dada wa Igoma, hapa Mwanza, umeuliza kama jirani yako Mrundi, mimba ya miezi mitano, hana kitambulisho cha NIDA wala karatasi ya kambi ya wakimbizi, atapokelewa kliniki au ataishia Uhamiaji. Nimezunguka Mabatini na Igogo miaka sita kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii (wa kujitolea, nauli natoa mfukoni), kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Mpeleke. Kwa sera, kliniki ya wajawazito na ya watoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali ni bure, chanjo nazo bure. Niliowasindikiza, hakuna aliyenyimwa kipimo kwa kukosa NIDA. Kinachowakwamisha ni barua. Hudhurio la kwanza mama akija bila mwenza anaambiwa arudi na mumewe wapime wote, au alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kwetu huo ni usumbufu tu. Mrundi akisikia "serikali ya mtaa" haonekani tena mpaka uchungu umshike. Siku hizi natangulia mimi, namvuta nesi pembeni: mume hayupo, mpimeni yeye. Mara nyingi inaishia hapo.

Halafu usimwache aongee peke yake. Kuna mama alimwambia nesi "nimeshaenda kwa muganga". Akafokewa hadharani kwa kunywa dawa za kienyeji. Masikini, kwa Kirundi umuganga ni daktari! Alikuwa anasema ameshapimwa Kibondo, kule Kigoma. Ikinini nayo ni kidonge chochote, si kwinini.

Bure hiyo ina matobo yake. Kujifungua ataambiwa aje na glovu, pamba, mpira wa kutandika na kanga, aanze kununua kidogokidogo. Akipewa rufaa hospitali kubwa, Sekou Toure au Bugando, bili inaweza kutokea. Ulizeni afisa ustawi wa jamii mapema kuhusu msamaha, msisubiri siku ya kuruhusiwa.

Kuhusu karatasi sikudanganyi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu aingie nchini, na mkimbizi aishi eneo lililotengwa, kama kambi ya Nyarugusu, Kigoma; kutoka ni kwa kibali. Kwa hiyo hofu yake si ya kijinga. Hilo atafute mwanasheria, na wewe usimwamulie. Ila mimba haingoji kibali, na nesi si Uhamiaji.

Kadi ya kliniki akipewa aitunze, na jina aandikishe lile lile kila mahali. Mmoja wangu aliandikisha majina mawili kwa woga, siku ya kujifungua majibu ya damu yakawa ya "mtu mwingine", akapimwa upya huku anasukuma.

Fikeni saa moja asubuhi. Foleni ya hapo Igoma unaijua.